Somo la 9: Mbweha Wadogo

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Wimbo Ulio Bora 2:15, Mhubiri 10:1, Kutoka 18:13–26, Kumbukumbu la Torati 22:8, Nehemia 3:28–30, 4:6–10, 6:15, Mathayo 5:23, 24, 18:15, 1 Wafalme 19:4–8, 2 Wakorintho 12:7–9, Wagalatia 6:2, 5, Kutoka 16:22–30.

Fungu la kukariri: Wimbo Ulio Bora 2:15. Kila mwanadarasa alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti vinamjua tembo. Usiku mmoja tu unatosha. Kundi huingia shambani wakati mahindi na mtama vinakaribia kukomaa, na asubuhi mkulima hukuta mabua yamelala chini. Kwa ajili ya tembo kijiji kizima huamka. Watu hupiga madebe, huwasha tochi, huwapigia simu askari wa wanyamapori. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania wakulima wamejifunza kuzungushia mashamba kamba zilizopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili, au kutundika mizinga ya nyuki kando ya shamba, kwa sababu tembo hawapendi ukali wa pilipili wala kuumwa na nyuki.

Lakini shamba hilohilo lina maadui wengine ambao hakuna anayewapigia debe. Ngedere huvunja hindi moja leo na matatu kesho. Panya hufukua mbegu. Mbuzi wa jirani hupita katika upenyo uleule wa ua kila jioni. Hakuna mkutano wa kijiji unaoitishwa kwa sababu ya upenyo wa ua. Mwisho wa msimu magunia yanahesabiwa, na mkulima anashangaa mazao yamekwenda wapi, maana mwaka huu tembo hawakuja.

Ndivyo ilivyo katika maisha ya mwamini. Kwa ajili ya ugonjwa mkubwa, msiba au mateso, kanisa hufunga na kuomba. Lakini mlango usiofunga, deni dogo lisilolipwa na neno lililomezwa mwaka jana havifungiwi wala haviombewi. Vinaachwa vile vilivyo, na kila siku vinachukua nguvu kidogo ambayo Bwana aliitoa kwa kazi nyingine.

Wazo kuu la juma: Mungu anawataka watu wake waondoe kero zilizo ndani ya uwezo wao, ili wabaki na nguvu za kuwabeba watu aliowapa.

JUMAPILI
Mbweha wasiohesabiwa

Soma Wimbo Ulio Bora 2:15 na Mhubiri 10:1. Kwa nini mafungu yote mawili yanazungumzia vitu vidogo? Ni nini kinachoharibiwa katika kila fungu?

Katika Wimbo Ulio Bora mbweha ni wadogo, nalo shamba la mizabibu liko katika maua. Hasara inatokea mapema, kabla mtu hajaonja hata zabibu moja. Katika Mhubiri, manukato yaliyotengenezwa na fundi kwa gharama kubwa yanaharibiwa na nzi. Mafungu haya hayawaiti mbweha na nzi majitu. Yanazungumzia vitu vidogo, na yanasema wazi kwamba vinaharibu.

Mfikirie mama mmoja mjini Bunda anayeuza dagaa na nyanya sokoni. Kwa miaka sita amekuwa mwalimu wa darasa la watoto katika Shule ya Sabato, na watoto wanampenda. Robo hii amemwambia mzee wa kanisa kwamba anaomba kupumzika. Baadhi ya washiriki wanasema amepoa kiroho. Wengine wanadhani kuna jambo zito analolificha.

Mzee anakwenda nyumbani kwake Jumapili jioni. Baada ya salamu na maombi, anasema, “Mama, sikuja kukulaumu. Niambie tu siku yako inavyoanza, tangu unapoamka.”

Mama anacheka kidogo, kisha anasimulia. Anaamka saa kumi na moja. Bawaba ya mlango imelegea, hivyo anauinua mlango kwa bega, unapiga kelele, mjukuu anaamka analia. Jiko la mkaa limevunjika mguu mmoja, limeegeshwa kwa jiwe. Juzi uji ulimwagika. Dumu la maji halina kizibo, na maji yanamlowanisha njia nzima. Sokoni kuna mteja anayedaiwa shilingi 3,000, ambaye siku hizi akimwona hupita upande wa pili. Wifi yake aliazima sufuria kubwa wakati wa msiba, miezi minne iliyopita, na tangu hapo wanasalimiana kwa shida. Nyumbani mama mkwe, aliyezeeka na kusahau mambo, anamwuliza swali lilelile mara kumi.

“Na Sabato asubuhi?” mzee anauliza.

Mama anasita. “Mzee, Sabato natafuta ufunguo wa kabati la vifaa vya watoto. Mwenye ufunguo huchelewa. Naanza darasa dakika kumi na tano nyuma, watoto wameshaanza kukimbizana.”

Mzee anaingiza mkono mfukoni. Ufunguo wa kabati uko hapo.

Huyu mama hakuwa amepoa. Alikuwa amechoka, na alikuwa na aibu kusema kilichomchosha, kwa kuwa kila jambo likitajwa peke yake linaonekana dogo mno kulalamikiwa. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuyataja yote kwa pamoja hadi jioni hiyo.

Chukua karatasi. Andika kero zinazokusumbua kila siku au kila juma, tangu unapoamka hadi unapolala. Usiandike matatizo makubwa. Je, ziko ngapi? Ni ipi umeivumilia kwa muda mrefu zaidi bila kumwambia mtu?

JUMATATU
Ushauri wa mkwe

Soma Kutoka 18:13–18. Yethro aliona nini ambacho Musa mwenyewe hakukiona? Alisema nini kitawapata Musa na watu?

Musa alikuwa amesimama mbele ya Farao. Alikuwa amevuka bahari. Hakuna lolote kati ya hayo lililomfanya mkwe wake aseme kwamba atachakaa. Yethro alisema hivyo alipoona foleni. Watu walisimama tangu asubuhi hadi jioni wakisubiri Musa aamue mashauri yao, makubwa na madogo. Angalia pia kwamba Yethro hakumtaja Musa peke yake. Alisema kwamba watu nao watachoka. Kero ya kiongozi ni kero ya wale wanaomngojea.

Soma Kutoka 18:19–26. Yethro alipendekeza nini, na matokeo aliyoyaahidi katika fungu la 23 yalikuwa nini?

Dawa ilikuwa mpango, kwa sharti kwamba Mungu akubali. Wachaguliwe watu waaminifu, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Jambo dogo limalizwe karibu na lilipoanzia. Watanzania wanaielewa hekima hii. Tangu miaka ya 1960 wamemjua balozi wa nyumba kumi, ambaye shauri la kuku aliyeingia bustani ya jirani lilifikishwa kwake kabla halijafika mbali. Shauri la kuku likimalizwa jioni hiyohiyo, majirani wanalala kwa amani. Likisubiri miezi, litakuwa limezaa mashauri mengine.

Musa angeweza kujibu kwamba kazi hii alipewa na Bwana, na kwamba mkwe wake ni mgeni asiyejua mambo ya Israeli. Hakusema hivyo. Alisikiliza na kufanya yote aliyoambiwa.

Mzee wa kanisa wa Bunda alikuwa na la kujifunza hapa. Alikwenda kwa mama akidhani anakwenda kutafuta tatizo la mama, akakuta sehemu ya tatizo iko mfukoni mwake. Kwa miaka kadhaa alishika funguo zote za kanisa kwa sababu alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Hakujua kwamba kila Sabato utaratibu wake ulikuwa unawaibia watoto dakika kumi na tano za Neno la Mungu. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa fundi akachongesha ufunguo wa pili. Kazi haikuchukua hata nusu saa. Alipoupeleka sokoni alisema, “Mama, nisamehe. Huu uwe kwako.” Mama akaupokea kwa mikono miwili.

Kuna maombi ambayo Mungu ameshayajibu kwa kumpa mtu mwingine ufunguo. Mama alikuwa ameomba kwa machozi apate uvumilivu wa kungojea, wakati kilichohitajika ni ufunguo wa pili.

Je, kuna jambo nyumbani, kazini au kanisani ambalo wengine hulazimika kukungojea wewe? Nani anaweza kukabidhiwa? Mwulize mtu mmoja wa karibu leo: “Ni jambo gani dogo ninalolifanya ambalo linakuchosha?” Sikiliza jibu bila kujitetea.

JUMANNE
Kifusi ni kingi

Soma Nehemia 4:6–10. Ukuta ulikuwa umefika wapi? Katika fungu la 10, ni sababu gani watu wa Yuda waliitoa kwa kupungukiwa nguvu?

Maadui walikuwapo. Sanbalati na Tobia walidhihaki, kisha wakafanya shauri kuja kupigana. Lakini watu wa Yuda walipoeleza kwamba nguvu za wachukuzi wa mizigo zinaisha, walitaja kifusi. Mawe ya zamani yaliyobomoka yalikuwa yametapakaa kila mahali, na mtu hawezi kujenga ukuta mpya huku akijikwaa kila hatua. Ukuta ulikuwa umefika nusu ya kimo chake. Wakati huo furaha ya kuanza imekwisha, furaha ya kumaliza haijafika, na kifusi kinaonekana kirefu kuliko ukuta.

Soma Nehemia 3:28–30. Watu hawa walijenga sehemu gani ya ukuta?

Makuhani walijenga kila mmoja kuikabili nyumba yake. Mwingine alijenga kukikabili chumba chake. Kila mtu alianza na mawe aliyoyaona akifungua mlango asubuhi. Na Nehemia 6:15 inasema ukuta ulikamilika kwa siku hamsini na mbili.

Wapo wanaodhani kwamba kutengeneza vitu vya nyumbani ni mambo ya dunia, yasiyostahili kutajwa pamoja na maombi. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria ya Mungu ilimwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke. Mungu aliyetoa Amri Kumi alijali pia ukingo wa dari. Mtu aliyeteleza kwenye dari isiyo na ukingo hakuwa na haja ya kuambiwa awe mvumilivu. Alihitaji ukingo.

Uvumilivu ni tunda la Roho. Lakini si kila kuvumilia ni uvumilivu. Mtu anayeinua mlango kwa bega kila asubuhi kwa miaka miwili, wakati fundi seremala yuko mtaa wa pili, hajifunzi subira. Ameuzoea mlango mbovu, basi. Na nguvu anayoitumia pale mlangoni ndiyo anayoikosa saa moja baadaye, anapomfokea mtoto aliyemwaga uji.

Jumanne mama alimwita fundi. Bawaba ilikazwa kwa skrubu mpya. Jiko likapelekwa kuungwa mguu, na kizibo cha dumu kikanunuliwa sokoni hatua chache kutoka meza yake. Kazi yote iligharimu pesa ndogo kuliko uji uliomwagika mwezi huo. Alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo mapema. Jibu ni kwamba mtu aliyechoka hana nguvu ya kuondoa kinachomchosha. Ndiyo maana alihitaji mtu wa kuja kuketi naye na kumwuliza. Hata Nehemia hakuondoa kifusi peke yake.

Rudi kwenye karatasi yako ya Jumapili. Weka alama kwenye kero zinazoweza kumalizwa kwa chini ya saa moja au kwa fedha kidogo uliyo nayo. Chagua moja uimalize leo kabla ya kulala. Kisha fikiria: ni nani katika darasa lako ambaye amechoka kiasi cha kushindwa kuanza, na anahitaji mikono yako?

JUMATANO
Sufuria ya wifi

Soma Mathayo 5:23, 24 na Mathayo 18:15. Katika fungu la kwanza, nani amekosewa? Katika la pili, nani amekosewa? Nani anapaswa kwenda katika kila hali?

Katika Mathayo 5 ndugu ana neno juu yako. Katika Mathayo 18 wewe ndiwe uliyekosewa. Katika hali zote mbili Yesu anasema, nenda wewe. Ndugu wawili wakimtii Kristo watakutana njiani. Na Yesu aliweka mpaka mwingine muhimu: mazungumzo ya kwanza ni ya watu wawili tu. Yanaanza bila jirani, bila kikundi cha simu na bila ombi la maombi linalotaja jina la mtu mbele ya kanisa.

Kinyongo kikubwa hujulikana. Watu hukiona na wazee huitwa kupatanisha. Kinyongo kidogo hakiitiwi wazee. Nani ataitisha kikao kwa sababu ya sufuria? Kwa hiyo hubaki moyoni, na kila mara mama anapopika kwa wageni katika sufuria ndogo, anapika mara mbili na kukumbuka mara mbili. Akikutana na wifi yake njiani, salamu inafupika. Katika meza ya Bwana, wakati wa huduma ya kutawadhana miguu, anatafuta mtu mwingine wa kumtawadha.

Soma Mithali 19:11. Je, fungu hili linapingana na Mathayo 18:15?

Yapo makosa ambayo ni utukufu kuyasamehe kimya kimya. Jaribio lake ni rahisi. Kosa lililosamehewa kweli halirudi kila unapomwona aliyelitenda. Kama bado linakuamsha usiku, au limebadilisha namna unavyosalimia, hujalisamehe. Umelifunika tu. Hapo agizo la Yesu linasimama: nenda.

Mama alikwenda Jumatano jioni akiwa na nyanya katika kikapu. Alisema, “Wifi, nimekuja kwa ajili ya ile sufuria, lakini zaidi nimekuja kwa ajili yetu.” Wifi yake akainamisha kichwa. Sufuria ilipotea palepale msibani. Alikuwa ameitafuta, akaona aibu kusema, akaanza kupunguza pesa kidogo kidogo ili anunue nyingine, na miezi ikapita. Miezi yote minne mama alidhani anadharauliwa, kumbe wifi yake alikuwa anaona haya. Sufuria haikurudi. Wifi alirudi, na Sabato iliyofuata walikaa benchi moja.

Yule mteja wa shilingi 3,000 naye alifuatwa, kwa upole na bila watu kusikia. Alilipa 1,000 na kueleza hali yake. Mama akafungua daftari lake, akayapigia mstari yaliyobaki. Tangu siku hiyo mteja hapiti tena upande wa pili.

Kuna mtu ambaye salamu yako kwake imefupika? Je, unajua hakika kwa nini alifanya alichofanya, au unadhani tu? Ni siku gani kabla ya Sabato hii utakwenda kwake?

ALHAMISI
Mwiba usioondoka

Soma 2 Wakorintho 12:7–9. Paulo aliomba nini, mara ngapi, na alijibiwaje?

Paulo alifanya vizuri kuomba mwiba uondolewe. Hakuupenda, wala hakujifanya haumii. Aliomba mara tatu. Kisha Bwana akamwonyesha kwamba mwiba utabaki, na neema itatosha. Yako mambo yanayotuchosha ambayo hayana fundi, na hakuna ufunguo wa pili wa kuchongesha.

Katika orodha ya mama wa Bunda lilibaki jambo moja. Mama mkwe wake anauliza, “Mwanangu amerudi?” Mwana huyo, mume wa mama, alifariki miaka iliyopita. Anaulizwa asubuhi, anaulizwa mchana, anaulizwa usiku wa manane. Kila swali ni jeraha jipya kwa anayeulizwa.

Hapa somo la juma hili lina hatari yake, na inafaa kuitaja. Mtu akishajifunza kuondoa kero, anaweza kuanza kuwahesabu watu miongoni mwa kero. Mzee anayesahau, mtoto mwenye ulemavu, mgonjwa anayeita usiku, hao nao wanachukua nguvu. Dunia ina ushauri mwingi wa kumwondoa kila mtu anayekuchosha. Injili haifundishi hivyo. Mtu si kifusi.

Soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Paulo anawezaje kusema mambo yote mawili?

Kuna furushi ambalo kila mtu hulibeba mwenyewe, na kuna mzigo ambao hakuna awezaye kuubeba peke yake. Bawaba na kizibo ni furushi. Mama mkwe anayemngojea mwana aliyekufa ni mzigo, na mzigo huo ni wa kanisa lote. Akina mama wa Dorkasi walipojua, walipanga zamu. Siku mbili kwa juma mmoja wao hukaa na bibi mchana, akimsimulia mambo ya zamani anayoyakumbuka bado. Swali halikuisha. Lakini mama sasa hulijibu akiwa amelala usingizi wa kutosha.

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Mungu alimfanyia nini Eliya kabla ya kuzungumza naye?

Eliya aliomba afe. Bwana hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate uliookwa na maji, na mara ya pili tena chakula, kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Mungu anaujua udongo wa mtumishi wake. Kabla ya kumwita mtu mlegevu wa imani, tuulize kama amekula na kama amelala.

Ni jambo gani katika orodha yako ambalo haliwezi kuondolewa? Je, umelikubali mbele za Mungu, au unaendelea kupigana nalo kila siku? Ni nguvu zipi ungekuwa nazo kwa ajili ya jambo hilo kama yale madogo yangeondoka?

IJUMAA
Siku ya Maandalio

Soma Kutoka 16:22–30. Siku ya sita ilitofautianaje na siku nyingine za kukusanya mana?

Siku ya sita Waisraeli walikusanya maradufu, wakaoka cha kuoka na kutokosa cha kutokosa. Mungu hakuwapa tu Sabato. Aliwapa pia siku ya kuiandalia. Waadventista wengi wanaikumbuka Ijumaa kama siku ya kufua, kupiga pasi na kupika. Inaweza kuwa zaidi ya hapo. Kila juma Mungu ameweka siku moja yenye mwisho unaoonekana kwa macho, jua linapozama upande wa Ziwa Victoria. Kero ambayo haina tarehe haimalizwi kamwe. Ijumaa huipa tarehe.

Familia inaweza kujiwekea desturi ndogo. Alhamisi jioni, baada ya ibada ya nyumbani, kila mmoja ataje jambo moja dogo lililomchosha juma hilo. Watoto nao waulizwe. Kisha waamue lipi litamalizwa kabla ya jua kuzama kesho yake, na nani atalimaliza. Jambo moja kwa juma ni mambo kumi na matatu katika robo moja. Nyumba iliyoondokewa na kero kumi na tatu ni nyumba nyingine.

Kwa mafunzo zaidi, soma Marko 6:30–32, na sura ya kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, inayoeleza jinsi Yesu alivyowaita wanafunzi waende naye kando wapumzike. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba wanafunzi walikosa hata nafasi ya kula, naye Mwokozi aliliona hilo.

Ijumaa ile, saa moja kabla ya Sabato, mama wa Bunda alifunga mlango kwa kidole kimoja. Mjukuu hakuamka. Mama mkwe akauliza, “Mwanangu amerudi?” Mama akaketi kitandani pembeni yake, akamshika mkono, akasema, “Bado, mama. Tunamngojea pamoja, siku Bwana atakapokuja.” Asubuhi alifungua kabati la watoto mwenyewe, na darasa likaanza kwa wakati. Suala la kupumzika hakulitaja tena, na mzee hakuliuliza.

Maswali ya Kujadili

1. Washiriki wanaposema mtu “amepoa kiroho,” ni maswali gani darasa lijiulize kwanza kabla ya kukubali neno hilo? Mzee wa kanisa alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?

2. Jadilini tofauti kati ya uvumilivu ambao ni tunda la Roho na kuzoea jambo baya linaloweza kutengenezwa. Mtajuaje kwamba jambo fulani ni mwiba wa kubebwa au kifusi cha kuondolewa?

3. Katika kanisa lenu, ni kero zipi ndogo ambazo kila Sabato huwachosha walimu, mashemasi, waimbaji, wazee na akina mama wenye watoto wachanga? Chagueni moja. Amueni leo nani ataishughulikia, na mpeane taarifa Sabato ijayo.

4. Ni nani katika eneo la kanisa lenu anayemtunza mzee au mgonjwa peke yake? Je, darasa hili linaweza kupanga zamu?

5. Mama alimjibu mama mkwe wake kwa tumaini la ufufuo. Tumaini la kurudi kwa Yesu linabadilishaje namna tunavyobeba mambo ambayo hayataondoka katika maisha haya?